Naomba ushauri: njia ya kufika ngazi za juu Jeshi la Wanamaji Kenya

Habari zenu wanajamvi. Mpwa wangu wa Likoni amemaliza kidato cha nne akiwa na B+, na moyo wake wote uko kwenye meli za kivita. Kila zikitoka kambi ya wanamaji ya Mtongwe kupita kivukoni, husimama mpaka zipotee. Anajua Jenerali Joseph Kibwana na Jenerali Samson Mwathethe walitoka wanamaji wakawa wakuu wa majeshi yote, Mwathethe mwaka 2015. Kwa kijana wa Pwani hilo ni jambo kubwa, nami sitaki kumvunja moyo.

Njia ziko mbili: aombe ukadeti (mafunzo ya kuwa ofisa) sasa, au asome kwanza uhandisi chuo kikuu aingie kama ofisa mtaalamu. Nimesoma matangazo ya usajili, yanataja masharti ya kuingia kama umri na alama, si jinsi ya kupanda vyeo. Jirani yetu, sajini mstaafu, anasema wanaopanda sana ni walioongoza meli, si wa mitambo.

Je, ni kweli mhandisi hukwama njiani? Na akiingia kama mtaalamu, anaweza baadaye kuhamia upande wa kuongoza meli? Waliotumikia huko, tafadhali nisaidieni kabla usajili haujafunguliwa.