Mpaka wa mgodi wa wazi: koni inayoelea, Lerchs na Grossmann, au mtiririko bandia?

MpangaShimo: Ndugu wanajukwaa, tunapanga mgodi mdogo wa dhahabu, na kwenye kompyuta tumeugawa mwamba katika vipande, yaani bloki, zipatazo 60,000. Tunatafuta njia ya hesabu ya kuchagua bloki za kuchimba ili shimo liwe na thamani kubwa kabisa. Kila bloki ya mbale (mwamba wenye dhahabu) tumeipa thamani ya dhahabu yake baada ya kutoa gharama za kuchimba na kuchenjua, na magwangala (mwamba usio na faida) tumeyapa thamani hasi. Mwenzangu anashikilia koni inayoelea kwa kuwa ni rahisi kuifafanua. Mimi nina shaka.

Bloki22: Shaka yako ina msingi. Koni huipima kila bloki ya mbale peke yake, pamoja na yote yanayoifunika, ambayo kwa pamoja hufanya umbo la koni. Chukua bloki mbili za mbale zenye thamani ya 11 kila moja, na kila moja imefunikwa na bloki tatu za magwangala zinazogharimu 4 kila moja. Koni ya kwanza inaleta hasara ya 1, ya pili vilevile, na mbale yote inabaki ardhini. Lakini ikiwa bloki moja ya magwangala imezifunika zote mbili, utaondoa tano tu badala ya sita: 22 kutoa 20, faida ya 2. Njia ya grafu waliyoichapisha Lerchs na Grossmann mwaka 1965 haipitwi na jambo hilo, na inathibitisha kwamba hakuna shimo lenye thamani kubwa zaidi.

BintiMiamba: Nakubali, ila ningechagua mtiririko bandia, algoriti ya mtafiti Dorit Hochbaum inayotatua tatizo hilohilo. Thamani ya shimo haibadiliki, kwani Picard alionyesha mwaka 1976 kwamba tatizo hili ni sawa na kutafuta mkato mdogo kabisa katika mtandao, yaani njia ya gharama ndogo kabisa ya kuugawa mtandao pande mbili. Tofauti ni muda, nao utauona utakaporudia hesabu kwa bei ishirini za dhahabu.

MpangaShimo: Kwa hiyo shimo litakalopatikana ndilo tutakalochimba?

Bloki22: La, mkuu. Njia zote tatu hazijui kalenda. Magwangala unayalipia leo, ilhali mbale ya chini huenda ukaiuza mwaka wa sita, ambapo kwa punguzo la 10% kwa mwaka (kwa kuwa pesa ya baadaye ina thamani ndogo kuliko ya leo) dola 100 ni takriban dola 56 za sasa. Ndiyo maana mashimo yanayopatikana ukihesabu kwa bei za chini za dhahabu, yaliyomo ndani ya lile kubwa, hukuonyesha pa kuanzia.

BintiMiamba: Na pembe za kuta za shimo, zinazoamua bloki zipi zinaifunika ipi, zitoke kwa mhandisi wa miamba, upande kwa upande. Nimeona watu wakiweka nyuzi 45 kila mahali, kisha wakibishana juu ya algoriti.

MpangaShimo: Pembe zetu ni 45 kote. Narudi kwa mhandisi kwanza.