Nina mafaili 430 ya Excel nataka yote yawe CSV, nayafanyaje kwa mkupuo?

karani_mtwara:
Wakuu habari zenu. CSV ni faili la maandishi matupu, data zimetenganishwa kwa mkato. Nasaidia chama chetu cha msingi cha korosho kuingiza daftari la wanachama kwenye databesi mpya, ila data ziko kwenye mafaili .xls, kila msimu folda lake, na ndani ya faili kila kijiji kina shiti yake. Nimeanza kufungua moja moja na kusevu kama CSV kwenye Excel, nimefika la 30 ndo nagundua shiti iliyo wazi tu ndo inasevika, alafu namba za simu zimegeuka 2.55712E+11 zote zinafanana. Nyumbani nina laptop ya Ubuntu kama itasaidia. Naombeni msaada, hawa wakulima wanalipwa kwa kufuata hizi data.

fundi_data:
Pole mkuu. Excel ikisevu CSV inaandika kile kinachoonekana kwenye seli, na namba yenye tarakimu 12 kama 255 na kuendelea inaionyesha hivyo kwa kifupi, kwahiyo hizo CSV 30 zifute kabisa, rudi kwenye .xls ndo namba zipo kamili. Kwenye Ubuntu tumia LibreOffice (programu ya bure kama Office), fungua terminal, ingia kwenye folda alafu andika:

`soffice --headless --convert-to 'csv:Text - txt - csv (StarCalc):44,34,UTF8,1,,0,false,false,false,false,false,-1' --outdir csv *.xls`

Hiyo -1 ya mwisho ndo inatoa shiti zote, kila moja na CSV yake yenye jina la shiti, ila iwe toleo 7.2 kwenda juu. 44 ni mkato, 34 ni alama za kunukuu, na false ya pili inamaanisha iandike thamani yenyewe sio muonekano. Na funga LibreOffice kwanza, ikiwa wazi komandi inaweza kumaliza bila kutoa kitu.

mama_seva:
Naongezea, kila folda la msimu lipe folda lake la csv. Mafaili yenye jina moja ukiyatupia sehemu moja linalokuja linafuta lililotangulia, na makarani wanapenda sana kuita faili "orodha".

Kingine kikubwa zaidi, kaka, angalia namba za NIDA (kitambulisho cha taifa). Zina tarakimu 20 na Excel inashika 15 tu, kwahiyo kama karani aliandika bila vistari na seli haikuwa ya maandishi, tano za mwisho zilishakuwa sifuri siku ileile anaandika na hakuna programu ya kuzirudisha. Akaunti za benki zinazoanza na 0 nazo ni hivyohivyo, sifuri ya mbele imeshaondoka.

karani_mtwara:
Asanteni sana! Imefanya folda zote chini ya nusu saa na simu zimetoka kamili. Ila dada umeniokoa kwenye NIDA, nimetafuta zinazoishia 00000 nimekuta vijiji viwili vizima viko hivyo, nyingine wameandika na vistari ziko salama. Fomu za karatasi zipo stoo, kesho nakaa na makarani tuziandike upya.

mama_seva:
Kabla hamjaanza kuandika, chagua hiyo kolamu ya NIDA yote uiweke iwe Text (maandishi), usisubiri mpaka baadae.