Nenosiri ninalo, barua pepe ninayo, na bado gemu hainifungulii. Nifanyeje?

Zuhura_Nahodha

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa mawazo, maana nimepigwa danadana hadi nimechoka.

Simu yangu imekufa, haiwaki kabisa, na ndani yake ndimo ilimokuwa ile programu ya uthibitisho inayotoa tarakimu sita. Nimepata simu nyingine, nikaweka programu ileile, kuifungua naikuta tupu. Nikasema si neno: nenosiri nalikumbuka, barua pepe ni yangu na inafunguka, hata laini ni ileile. Nikaandika nenosiri, likakubaliwa, halafu nikaulizwa tarakimu sita. Chini yake pana maandishi madogo: "Huna simu yako? Wasiliana nasi." Nikabonyeza. Ukurasa uliofunguka ukaniambia kwamba ili nitume tiketi, yaani ombi la msaada, sharti kwanza niingie kwenye akaunti yangu.

Yaani nimefungiwa nje, na kengele ya kubisha hodi imewekwa sebuleni.

Baada ya kupekuapekua nikaipata fomu nyingine isiyotaka mtu awe ameingia. Ikaja barua ya kunitaka nithibitishe umiliki. Wanataka mwezi na mwaka niliofungua akaunti, jina la mhusika wangu wa kwanza, nchi niliyokuwa wakati huo, na namba ya muamala wa kitu cha kwanza nilichonunua. Jamani, akaunti hiyo nimeifungua nikiwa bado mwanafunzi! Mhusika wa kwanza nilimfuta zamani, nani anakumbuka nilimwitaje? Nikajibu nilivyoweza. Jibu likarudi: "Taarifa ulizotoa hazitoshi." Ipi ndiyo haitoshi? Hawasemi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kijana mmoja wa kikosi chetu aliibiwa akaunti. Mwizi aliingia kwa nenosiri tu, akabadilisha barua pepe, akahamisha vitu vyote vya thamani, na sisi wenzake tuko naye uwanjani tunadhani ndiye mwenyewe. Hakuulizwa jina la mhusika wa kwanza wala muamala wala nchi. Mwenye mali akija kudai chake ndipo yanapoletwa maswali ya kaburini.

Mimi ndiye nahodha wa kikosi, na ghala letu haligawi kitu bila akaunti yangu. Watu wamekwama. Kwa hiyo nauliza: hawa wanataka nini hasa ili waniamini? Na nikirudi ndani, kuna sababu gani ya kuendelea na huu uthibitisho wa hatua mbili badala ya kuuzima?

Fundi_Saa

Pole sana dada. Kabla hujatuma fomu nyingine, elewa kwanza kilichopotea, maana wengi hudhani wamepoteza programu.

Siku uliyopiga picha ule mraba wa QR wenye madoadoa, ulikabidhiwa siri moja ndefu. Nakala moja ilibaki kwenye seva yao, nyingine ikaingia kwenye simu yako. Tangu siku hiyo pande hizo mbili hazihitaji kuongea tena. Simu inaichukua ile siri, inaichanganya na saa ya wakati huo, inapiga hesabu na kutoa tarakimu sita. Seva nayo inapiga hesabu ileile upande wake, na kila sekunde 30 jibu linabadilika. Utaratibu huo unaitwa TOTP, ulichapishwa kama kiwango cha wazi mwaka 2011, na ndiyo maana programu inatoa tarakimu hata simu ikiwa haina intaneti. (Ndiyo maana pia simu ambayo saa yake imekwenda kombo hutoa tarakimu zinazokataliwa. Anayesoma hapa mwenye tatizo hilo, weka saa ijirekebishe yenyewe kabla hujamlaumu mtu.)

Sasa, siri yako imekufa na simu. Kuweka programu mpya hakuirudishi, na laini yako au barua pepe yako haihusiki hata kidogo.

Mahali pa kutafuta ni hapa. Baadhi ya programu za uthibitisho huhifadhi nakala kwenye akaunti ya mtandaoni, ila lazima uingie kwa akaunti ileile uliyotumia kwenye simu ya zamani. Wengi huweka simu mpya kwa akaunti mpya kisha wanashangaa kukuta tupu. Pili, ulipowasha uthibitisho, huenda ulipewa misimbo ya akiba, ile mistari ya herufi na namba ambayo kila mmoja hutumika mara moja tu. Pekua mafaili yaliyopakuliwa kwenye kompyuta.

La tatu ndilo ninalolipa uzito: kuna kifaa chochote ambacho bado kimo ndani ya akaunti hiyo? Konsoli, kompyuta ya zamani, tableti? Kama kipo, usitoke humo na usibadilishe nenosiri ukiwa kwingine. Magemu mengi, ukibadilisha nenosiri, hufukuza vifaa vyote kwa pamoja, na utakuwa umejikatia kamba mwenyewe.

Kapteni_Mkavu

Nahodha, nilikwambia. Mimi hayo madude niliyazima siku nyingi. Nenosiri refu, basi. Hakuna aliyewahi kuniibia, na simu ikifa nacheza kama kawaida. Wanaofungiwa nje ni nyinyi mnaofuata masharti.

Dawati_la_Zamani

Dada Zuhura, niliwahi kufanya kazi ya kujibu tiketi kama hizo. Kampuni siitaji. Nitakueleza unavyoonekana ukiwa upande ule wa meza, hata kama hutapenda.

Ujumbe wako ("simu imeharibika, nenosiri ninalo, barua pepe ni yangu, tafadhali ondoeni uthibitisho") ndio uleule anaoandika mwizi, neno kwa neno. Mwizi amenunua orodha ya manenosiri yaliyovuja kwenye tovuti nyingine. Mwenye akaunti alitumia nenosiri moja kila mahali, kwa hiyo mwizi amefungua barua pepe na gemu kwa pamoja. Kilichobaki kumzuia ni zile tarakimu sita tu. Basi anakuja kwetu na kilio. Wengine wana watoto wagonjwa, wengine ni wanajeshi walio safarini. Nimesoma misiba ya kutosha kuandikia riwaya. Kwa hiyo unaposema unavyo nenosiri na barua pepe, wewe unahesabu ushahidi mara mbili, dawati linahesabu kitu kimoja, tena kitu ambacho mwizi anacho.

Asichonacho ni zamani ya akaunti. Ameikamata ilivyo leo. Mwaka ule ulipoanza hakuwepo. Ndiyo maana maswali yote uliyoulizwa yanarudi nyuma.

Na wanakataa kukwambia ni jibu gani lililokosewa kwa makusudi. Wakisema "mwezi ni sahihi, nchi siyo," mwizi atarudi kesho na nchi nyingine, na keshokutwa nyingine, mpaka apatie. Inaudhi, lakini sentensi ile ya "hazitoshi" imepimwa.

Sasa ushahidi wenyewe. Stakabadhi ndiyo mfalme. Nenda kwenye barua pepe yako, na usitafute kwa jina la gemu. Stakabadhi nyingi hutumwa na duka la programu au kampuni iliyopitisha malipo, kwa hiyo tafuta kwa jina la huyo. Mara nyingi utakuta namba mbili: ya oda na ya muamala. Tuma zote mbili, kwa sababu anayekusoma huenda anaiona moja tu kwenye skrini yake. Kama ulilipa kwa kadi, tarakimu nne za mwisho zinatosha. Kadi nzima usimtumie mtu yeyote, hata awe na nembo ya dhahabu. Kama umewahi kucheza kwenye konsoli, namba yake ya utambulisho nayo ina nguvu.

Usibahatishe. Kwetu "sikumbuki" ilikuwa haikuongezei kitu wala kukupunguzia, lakini jibu la uongo lilikushusha. Jina la mhusika uliyemfuta, kama hulijui, sema hulijui.

Na tuma tiketi moja. Najua hasira inavyomsukuma mtu kufungua nyingine juu ya nyingine. Kwetu ziliunganishwa kuwa moja, na ile iliyounganishwa ilihesabiwa kuanzia ujumbe wa mwisho, yaani unajirudisha mwenyewe mkiani mwa foleni.

Kuhusu yule kijana, hapo nakuunga mkono, na silitetei jambo hilo. Gemu nyingi zikishakuona uko ndani zinakuchukulia kuwa ndiye wewe kwa kila kitu, hata kubadilisha barua pepe. Zikibadilisha, hutuma taarifa kwenye anwani ya zamani pamoja na kiungo cha kutengua. Mwambie aitafute. Tena aangalie kanuni za kuchuja ujumbe kwenye barua pepe yake, kwa sababu wezi huweka kanuni ya kufuta kila kinachotoka kwa kampuni ya gemu, mwenyewe asione chochote.

Nyongeza: msilalamike hadharani kwenye kurasa za mitandao ya kijamii mkitaja majina ya akaunti zenu. Watajitokeza "wahudumu" wenye picha ya nembo, wapole kuliko sisi tulivyowahi kuwa, na watawaomba tarakimu sita.

Fundi_Saa

Kapteni, hujaibiwa bado, na urefu wa nenosiri hausaidii kama limevuja zima kutoka tovuti nyingine. Mwizi habahatishi siku hizi, anajaribu lililo tayari. Desemba 2015 Valve, wenye duka la magemu la Steam, walisema hadharani kwamba akaunti zipatazo 77,000 za Steam zilikuwa zinatekwa na kuporwa kila mwezi, na walieleza kuwa biashara ya kubadilishana vitu ndiyo iliyowavuta wezi. Upanga wa kuchora unauzika, basi una mwizi wake. Blizzard, wenye gemu ya World of Warcraft, nao walianza kuuza kidude cha uthibitisho cha kuning'iniza kwenye funguo mwaka 2008, na baadaye mchezaji wa World of Warcraft aliyeunganisha uthibitisho alizawadiwa mbwa wa moto mwenye vichwa viwili. Wenye gemu ya Fortnite mwaka 2018 wakatoa dansi ya mhusika kwa aliyewasha. Watu hawakuwasha kwa kuogopa wizi, waliwasha kwa kutaka mbwa.

Nakubaliana na mzee wa Dawati isipokuwa hapa: maswali ya kumbukumbu si ushahidi imara. Mwaka 2008 barua pepe ya mwanasiasa wa Marekani Sarah Palin kule Yahoo ilifunguliwa na mtu aliyejibu maswali ya usalama kwa kutafuta majibu mtandaoni, tarehe ya kuzaliwa na mahali alipokutana na mumewe. Stakabadhi, sawa. Lakini "mhusika wako wa kwanza aliitwaje" linajibiwa na rafiki yeyote mliyeanza naye.

Dawati_la_Zamani

Hilo sikatai. Marafiki waliogombana na wapenzi walioachana walikuwa wezi wetu hodari kuliko wote.

Zuhura_Nahodha

Wakuu, nimerudi na habari.

Mdogo wangu ana konsoli ambayo niliwahi kuingia kwa akaunti yangu nikamwachia. Nikamkataza asiguse kitu. Imo ndani! Mipangilio ya usalama haikufunguka, inadai tarakimu sita, lakini historia ya manunuzi ikafunguka yote hadi mwanzo. Kumbe kitu changu cha kwanza kilikuwa tandiko la farasi la rangi ya zambarau. Sikumbuki kabisa nilikuwa nawaza nini. Oda ipo, tarehe ipo. Nikaenda kwenye barua pepe, nikatafuta kwa jina la wapitisha malipo kama Dawati ulivyosema, na stakabadhi ikatokea. Ilikuwa imelala huko muda wote huu. Mimi nilikuwa natafuta jina la gemu.

Nikatuma tiketi moja tu: namba mbili, tarehe, namba ya konsoli, na kwenye jina la mhusika nikaandika "nilimfuta, silikumbuki." Wameondoa uthibitisho wa zamani. Ila wamenifungia kutoa zawadi na kubadilishana vitu kwa muda, kwa hiyo ghala bado halifunguki. Hilo nimelimeza, naona mantiki yake.

Nisilolimeza ni hili: wamenilazimisha kuweka nenosiri jipya, na kisanduku kinakataa kubandika! Ninatumia programu ya kutunza manenosiri, imenitungia refu la maana, sasa niandike herufi moja moja kwa kidole. Tena mwisho ni herufi 16. Usalama gani huo?

Fundi_Saa

Wa kizamani. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilielekeza tangu 2017 kwamba watu waruhusiwe kubandika, na kwamba mifumo ikubali manenosiri ya hadi herufi 64 angalau. Andika kwa kidole, uvumilie. Halafu ukiwasha uthibitisho upya, ule mraba wa QR upige picha kwa programu ya uthibitisho ya simu mpya na ya tableti papo hapo, kabla ukurasa haujafungwa. Siri ni ileile, vifaa vyote viwili vitatoa tarakimu zilezile. Misimbo ya akiba iandike kwenye karatasi. Na kama gemu yako imeanza kukubali funguo za siri, zile zinazofunguka kwa alama ya kidole, chukua hizo. Ufunguo umefungwa kwenye anwani halisi ya tovuti, kwa hiyo ukurasa bandia hauna cha kukuibia.

Zuhura_Nahodha

Funguo hawana, nimetazama. Tableti nimeiunganisha. Na ghala sitaki tena litegemee akaunti moja. Kapteni, nakuteua naibu, lakini sikupi haki ya kugawa vitu mpaka uwashe uthibitisho.

Kapteni_Mkavu

Huo ni udikteta. Nimeshafungua mipangilio. Kwani huyo mbwa wa vichwa viwili bado wanamtoa?