Michoro ya watoto imetupwa nyuma ya jenereta. Hii nyumba ya sanaa ya jiji ni ya nani?

Wanajukwaa, nimekaa siku nne nikisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo.

Jumamosi iliyopita nilifika kwenye makumbusho ya sanaa ya jiji letu saa mbili unusu asubuhi, na katoni ya rangi na karatasi za manila begani. Ni jengo dogo, vyumba vitatu na veranda, mali ya kaunti. Miaka sita sasa, mimi na walimu wenzangu wawili tunafundisha pale darasa la watoto kila Jumamosi, bila kulipwa hata nauli. Bawabu akanizuia langoni. "Pole, mwalimu. Ukumbi umekodishwa." Ndani naona viti vimevishwa vitambaa vyeupe, spika mbili ndefu kunishinda, na kijana wa mapambo anapigilia misumari kwenye ukuta uliokuwa na kazi za watoto.

Nikauliza michoro iko wapi. Bawabu hakujibu, alinishika mkono akanipeleka nyuma. Ilikuwa imerundikwa kando ya jenereta, juu ya mifuko ya saruji, na mvua ya Alhamisi usiku ilikuwa imeinyeshea yote. Rangi ya maji ikinyeshewa hakuna kinachobaki. Zile chapa za lino, picha zinazochongwa na kupigwa chapa kwenye karatasi, zilikuwa zimegandana, ukivuta moja inachana na nyingine.

Kuna msichana wa miaka tisa katika darasa letu, si msemaji. Jumamosi tatu nzima alichora nyanya yake akikaanga mandazi, na karai lenyewe alilirudia mara nne mpaka mafuta yakaonekana yanachemka. Tulipotundika kazi zao, nyanya alikuja. Anauza mandazi ng'ambo ya barabara kutoka lango lile, na miaka yote hajawahi kuingia. Alisimama mbele ya mchoro muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwani hii nyumba ni ya nani? Mimi nilidhani ni ofisi." Nikamwambia, "Ni yako, mama." Leo napita mbele ya karai lake nikitazama chini.

Na si watoto peke yao. Akina mama wa ususi wa mikeka walikuwa na Jumatano yao ndani ya ukumbi. Wakahamishiwa verandani. Kisha wakaambiwa wasukie kwenye maegesho, juani, maana veranda inawekwa vyakula vya semina. Sasa nimepokea ujumbe kwa simu: kuanzia mwezi ujao kila mtoto atalipa shilingi 300 kwa kila Jumamosi, na darasa litakuwepo "ukumbi usipokuwa na mteja." Mteja! Mzazi mwenye watoto watatu atatoa wapi shilingi 900 kila wiki? Watoto hawa hawa shuleni wanadaiwa rangi na kadibodi za CBC, yaani mtaala wa umilisi, na walimu wao ndio wanaowatuma kwetu kwa sababu darasani hakuna vifaa.

Tusidanganywe kwamba hii ni hisani ya mtu. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imezitaja maktaba na makumbusho kwa jina miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na shughuli za utamaduni. Ni wajibu, sawa na zahanati na taa za barabarani. Kwenye kikao cha kushirikisha umma kuhusu bajeti nilisoma kwa macho yangu mstari wa "mipango ya jamii" ya jengo hili. Katika miaka sita hatujapokea hata penseli moja kutoka kwenye mstari huo. Fedha hizo zilikwenda wapi?

Nimejibiwa kwamba kaunti inahitaji mapato. Najua, paa linavuja, na mimi mwenyewe nimewahi kuweka ndoo. Kodisheni jioni. Kodisheni siku ambazo hakuna darasa. Lakini kutoa kazi za watoto ukutani na kuzitupa nje bila hata kumpigia mwalimu simu hakuleti mapato yoyote. Ni dharau.

Kinachoniogopesha ni kwamba nchi hii ina mazoea hayo. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya sanaa ya Afrika maisha yake yote. Nyumba yake ya mtaa wa Muthaiga, Nairobi, aliiuzia serikali kwa makubaliano kwamba itakuwa kituo cha taaluma za Kiafrika. Ilibomolewa. Mkusanyo wake wa sanaa unaoonekana leo pale Nairobi umebaki kwa sababu kuna watu waliong'ang'ana nao. Kama nyumba ya mtu mkubwa vile ilianguka, mchoro wa mjukuu wa mwuza mandazi utalindwa na nani tusipopiga kelele sasa?

Jana nimepeleka barua na nakala yangu imepigwa mhuri. Nimeomba, kwa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, nionyeshwe fedha za mipango ya jamii zilitumikaje, kila ukodishaji uliingiza kiasi gani, na nani aliamuru michoro itolewe. Sheria inaipa kaunti siku 21 kujibu. Zikipita kimya, naenda ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali. Mwakilishi wadi wetu nimempa nakala mkononi. Alisema "nitaangalia," na sitaishia hapo.

Jumamosi hii darasa lipo, saa tatu. Ukumbi ukifungwa tutakaa nje ya lango na tutachora lango. Walio karibu njooni, hata usipokuwa na mtoto, na mje na karatasi.

Wazazi ambao watoto wao walikuwa na kazi ukutani: nimeokoa 17, nimezitandaza kwangu juu ya magazeti zikauke. Nyingi hazina jina tena, limefutika. Mleteni mtoto mwenyewe, ataitambua yake.