Tupeane uzoefu: rekodi ya kikao ilishawahi kukuyeyukia?

Kandambili: Leo nimeona kile kialama chekundu cha rekodi inayokaribia kufutwa pembeni ya faili huko OneDrive, stoo ya mafaili mtandaoni ya Microsoft, nikakumbuka mbali. Mwaka jana mimi ndo katibu, kikao cha saa tatu na nusu kwenye Teams, ile programu ya vikao vya mtandaoni, nikajisemea rekodi si ipo, minitsi nitaandika taratibu. Taratibu ikawa miezi sita na ushee. Siku hiyo mkaguzi kashakaa mapokezi anapewa chai, bosi anapita mlangoni "leta minitsi", nafungua linki kwenye chati, hamna kitu. Kumbe rekodi kwa kawaida zinawekewa siku 120, zikiisha faili inajitupa yenyewe kwenye kapu la taka, na imeili ya taarifa ililetwa nikaipita kama tangazo la viwanja. Nikajifungia chooni nampigia mtu wa IT kwa kunong'ona.

Mtungi: hapo chooni nimekuelewa sana 😂

FundiWaya: Kapu linaishika siku kama 90 ndo inapotea kabisa. Ukiirudisha toka huko ile tarehe ya kujifuta inaondoka, haijifuti tena.

Kandambili: Ndivyo tulivyoipata mkuu, zilibaki siku 11.

Pilipili: Miezi sita hujaandika minitsi halafu ulie na mashine?

Kandambili: Nimelia wapi? Soma kwanza.

Nanga: Mi nazihamishia folda nyingine fasta, kwisha habari

FundiWaya: Ukihamisha inahama na tarehe yake. Nakili, kopi ndo haina tarehe. Ila msinakili kila kikao jamani, storeji ikijaa mnanililia mimi.

Nanga: si ndo kazi unayolipwa

BintiKisima: Nyie mnalia zisifutike, mwenzenu nilikuwa naomba ifutike! Kikao kimeisha, bosi katoka, sisi wawili tumebaki tunamchambua yeye na suti yake ile ya kahawia dakika kama kumi hivi, hakuna aliyezima rekodi. Yeye ndo aliitisha kikao so faili iko kwake. Kila asubuhi kabla ya chai nafungua kuangalia zimebaki siku ngapi. 40. 12. 3. Siku ya mwisho nakuta tarehe imeondolewa, haifutiki tena.

Mtungi: 😳😳

Pilipili: Kaisikiliza huyo

Nanga: Au kaibakiza kwa ajili ya kikao chenyewe, usijitie presha dada

BintiKisima: Ile suti hajaivaa tena.

Mtungi: mlisema nini kuhusu suti??? njoo umalizie