Mjadala: Makala ya kikao cha Alhamisi, ambapo waganga husoma na kujadili utafiti, ichaguliwe na asistanti (daktari anayesomea ubingwa) au na mkubwa wa huduma?

Asistanti, pediatria, Bukavu: Wakubwa, mimi nasema asistanti achague mwenyewe, kwa sharti moja: swali litoke kitandani kwa mgonjwa. Aliandike kwa mstari mmoja: mgonjwa gani, tiba gani, inalinganishwa na nini, tunatazamia matokeo gani. Mstari ukimshinda, asianze kutafuta makala.

Mganga wa watoto, Bukavu: Dokta, sharti zuri, ila halitoshi. Chukua utafiti wa FEAST wa 2011: watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Waliopewa seramu ya haraka, yaani maji ya mshipani yanayomiminwa kwa muda mfupi, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo, kama 10.5% walikufa ndani ya saa 48, wasiopewa, 7.3%. Asistanti anasoma muhtasari, anasimama, anatangaza: tuache seramu ya haraka. Ukurasa wa mbinu hajaugusa, na ndipo palipoandikwa kwamba watoto wenye utapiamlo mkali na wenye kuhara hawakuingizwa. Haya, pita kwenye vitanda vyetu: wa bwaki (utapiamlo mkali) wangapi, wa kuhara wangapi? Mtoto wa kipindupindu aliyekauka, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi, akinyimwa seramu kwa sababu ya kikao kile, anakufa. Mkubwa lazima aione makala kwanza.

Asistanti, tiba ya ndani, Goma: Aione, naam, kuchagua amwachie kijana, la sivyo hatajua kutafuta. Siku 14 za kujiandaa zinatosha. Kufikia siku ya tatu alete makala mbili au tatu kutoka hazina za mtandaoni, PubMed au Hinari, nzima, si muhtasari. Mkubwa asome nani aliingizwa na nani aliachwa nje, dakika kumi, kisha waamue pamoja. Na tusichukue makala dhaifu kwa kuwa tu ni ya Kifaransa. Majedwali ya Kiingereza yanasomeka.

Mfamasia, Bukavu: Na dawa ambayo hatuna ghalani?

Mganga wa watoto, Bukavu: Iwe nadra, lakini tusiifungie mlango. Mwaka 2018 mAb114, dawa ya Ebola, haikuuzwa popote. Utafiti wa PALM ukaipima huku huku mashariki mwa Kongo, Beni, Butembo, Katwa na Mangina: vifo 35.1%, dhidi ya 49.7% kwa ZMapp, dawa nyingine ya Ebola. Waganga wa pale walihitaji kuelewa ugawaji kwa bahati nasibu, yaani kura ndiyo huamua mgonjwa yupi apate dawa ipi, kabla ya dozi ya kwanza.