Marudio ya fomula za kemia, Kidato cha Pili, wanafunzi 64: mchezo gani unafaa?

Chaki_Nyeupe
Walimu wenzangu, habari za kazi. Nina vipindi viwili mfululizo, dakika 80, vya marudio ya valensi (uwezo wa elementi kuungana na nyingine) na fomula kabla ya mtihani wa upimaji. Vifaa ni ubao na chaki. Projekta hakuna, simu haziruhusiwi. Mashindano ya maswali kwa makundi yanaishia kwa watoto watatu kujibu kila kitu na wengine kupiga makofi. Kuna mchezo unaomshika kila mmoja?

Benchi_la_Maabara
Mwalimu, tengeneza karata za ioni (atomi au kundi la atomi lenye chaji) ambazo urefu wake ni chaji yake. Chaji moja ni sm 4: Na⁺ sm 4, Ca²⁺ sm 8, Al³⁺ sm 12. Kimo sm 5 kwa zote. Chanya zinapangwa juu, hasi chini yake. Safu mbili zikiishia sawa, fomula imepatikana. Al³⁺ mbili ni sm 24, na SO₄²⁻ tatu ni sm 24. Hapo mtoto anaona Al₂(SO₄)₃ inatoka wapi, hakariri tu kuhamisha namba kimsalaba, yaani chaji ya ioni moja kuwa idadi ya nyingine.

Seti moja ina karata 30: Na⁺, NH₄⁺, Ca²⁺, Fe²⁺, Cl⁻, OH⁻, NO₃⁻ na SO₄²⁻ tatu tatu, Al³⁺, Fe³⁺ na PO₄³⁻ mbili mbili. Zinaenea kwenye A4 ngumu mbili, kila moja ikikatwa vipande vinne virefu vya sm 5. Pima kwa rula, usikadirie: karata ikizidi milimita tatu, safu hazilingani na ubishi unaanza. CO₃²⁻ na O²⁻ zisiingie humo, maana watakuundia Al₂(CO₃)₃ na (NH₄)₂O, vitu visivyodumu, na kipindi kitaishia kwenye maelezo.

Makosa utakayoyaona ni mawili. La kwanza ni Ca₂(SO₄)₂: urefu unalingana, kwa hiyo wataapa ni sahihi. Sheria iwe "karata chache iwezekanavyo". La pili ni mabano, hasa CaOH₂. Mwambie ahesabu karata, si atomi: karata ya OH ni mbili, basi 2 inakaa nje ya mabano.

Dakika 25 za mwisho kusanya karata zote na wape ioni zilezile ubaoni bila urefu. Hatua hii ukiiruka, umewafundisha kupima karatasi.

Titresheni
Karata hizo ni nzuri, lakini bila utaratibu wale watatu watazikamata wao. Unda makundi 10: sita ya watu sita, manne ya watu saba. Kila mtu ana namba. Taja ioni mbili, wape sekunde 90 za kupanga pamoja, kisha taja namba, mfano "nne!". Namba nne wa kila kundi ndiye anayeandika kwenye karatasi, wenzake kimya. Ukihesabu tatu, zote zinainuliwa kwa pamoja. Kwa kuwa namba haijulikani mapema, kundi linalazimika kumfundisha aliye dhaifu.

Alama 2 kwa fomula, 1 kwa jina. Usimpe zawadi wa kwanza kumaliza, maana kasi ndiyo inayoua mabano. Na usikate alama kwa kosa. Chukua karatasi moja iliyokosewa, ibandike ubaoni bila kutaja kundi, darasa zima lisahihishe.

Chaki_Nyeupe
Asanteni sana wakuu. Na bingo ya elementi 20 za kwanza?

Titresheni
Dakika 10 za kuchangamsha, si zaidi. Ukisema "sodiamu" naye anatafuta Na, anatambua tu, hakumbuki. Taja mpangilio wa elektroni, mfano 2:8:1 kwa sodiamu, angalau afikiri. Miraba iwe 3×3, kila mtu ajaze elementi zake mwenyewe.

Benchi_la_Maabara
Nyongeza: majina waandike kwa Kiingereza, kama mtihani unavyodai, na kwa Fe (chuma) wasisahau II au III, yaani chaji yake. Karata ya Fe²⁺ na ya Fe³⁺ zilazwe pamoja mezani kabla ya kuanza. Tofauti ya sm 4 inaonekana kwa macho.